Mwindaji au mla mizoga? Mifupa yasimulia maisha ya dinosaria wakubwa walao nyama

Mwaka 2013 watafiti nchini Marekani walichapisha taarifa kuhusu kisukuku kidogo kilichochimbuliwa katika miamba ya Hell Creek, jimbo la South Dakota. Zilikuwa pingili mbili za mkia wa dinosaria mla majani, wa jamii ile yenye midomo iliyofanana na ya bata. Katikati ya pingili hizo lilikuwamo jino lililovunjika, nalo lilikuwa jino la Tyrannosaurus rex. Mfupa ulikuwa umeota upya na kulizunguka jino hilo, na pingili zote mbili zikashikamana kuwa kitu kimoja.

Maana ya jambo hilo ni nyepesi kueleweka: mfupa wa maiti hauponi. Mla majani huyo aling'atwa angali hai, akaponyoka, kisha akaishi muda wa kutosha kwa jeraha lake kufunga. Aliyemng'ata hakuwa amekuta mzoga, bali alikuwa akiwinda.

Hivyo ndivyo tunavyowajua dinosaria wakubwa walao nyama. Hakuna binadamu aliyewahi kuwaona, kwa kuwa walitoweka miaka milioni 66 kabla ya sisi kutokea. Yote yasemwayo juu yao, yakiwemo nguvu zao, mwendo wao, malezi yao na ugomvi wao, yanategemea alama zilizobaki katika mifupa, meno, nyayo na hata kinyesi kilichogeuka jiwe. Makala haya yanaeleza yaliyothibitika, yanayobishaniwa, na sababu ya mahali mifupa inapohifadhiwa kuwa jambo lenye uzito kwa elimu hii.

Ni wanyama gani?

Dinosaria walao nyama wote wanatoka katika kundi liitwalo theropoda. Walitembea kwa miguu miwili, wakiwa na mkia mrefu uliosawazisha uzito wa kichwa na kifua. Mifupa yao mingi ilikuwa na nafasi za hewa ndani yake, nao walikuwa na kidari chenye mfupa wa panda, uleule tuukutao tunapomla kuku. Kufanana huko si bahati, kwani ndege wa leo ni wazao wa theropoda wadogo. Kwa sababu hiyo, mtaalamu anapotaka kuelewa mwili wa dinosaria mkubwa mla nyama, huwatazama jamaa wawili walio hai: ndege kwa upande mmoja, na mamba, binamu wa mbali zaidi, kwa upande mwingine.

Mara nyingi filamu huwaonyesha wanyama hawa wakiishi pamoja. Ukweli ni kwamba walitenganishwa na nyakati na mabara. Allosaurus aliishi Amerika ya Kaskazini mwishoni mwa kipindi cha Jurasia, takriban miaka milioni 150 iliyopita. Giganotosaurus, aliyepewa jina mwaka 1995, aliishi katika nchi ambayo leo ni Argentina. Spinosaurus na Carcharodontosaurus waliishi Afrika ya Kaskazini katika kipindi cha Kretasia. Tyrannosaurus rex alikuja mwisho kabisa, magharibi mwa Amerika ya Kaskazini, kati ya miaka milioni 68 na 66 iliyopita. Muda uliomtenganisha na Allosaurus ni mrefu kuliko muda unaomtenganisha yeye na sisi.

Huyu wa mwisho ndiye anayefahamika zaidi, na ndiye atakayetangulia katika maelezo haya. Mchimbaji Barnum Brown alipata mifupa yake katika jimbo la Montana mwaka 1902, na mwaka 1905 Henry Fairfield Osborn, wa jumba la makumbusho ya historia asilia la New York, akampa jina lenye maana ya "mjusi dhalimu mfalme". Mnyama mzima alifikia urefu wa mita 12 na zaidi, na uzito wake hukadiriwa kuwa tani nane au kupita hapo. Tembo dume mkubwa wa savana ana takriban tani sita.

Taya zilizovunja mifupa

Tyrannosaurus alikuwa na meno yapatayo 60. Lililo refu kuliko yote, ukihesabu na mzizi, lilikaribia sentimita 30. Jino lililovunjika au kung'oka lilifuatwa na jingine, kama ilivyo kwa mamba na papa. Lakini umbo la meno hayo ndilo lililomtofautisha na wenzake: hayakuwa membamba kama kisu, yalikuwa manene kama ndizi, yenye makali ya msumeno pande mbili.

Watafiti wamejaribu kukadiria nguvu ya mng'ato wake kwa kuunda taya na misuli katika kompyuta. Utafiti mmoja wa mwaka 2012 ulipata nguvu ya newton 35,000 hadi 57,000 kwa meno ya nyuma. Mwingine wa mwaka 2017, uliotumia vipimo vya mamba walio hai, ulifikia takriban newton 34,500 kwa kiwango cha juu. Hata tukichukua makadirio ya chini zaidi kati ya hayo mawili, ni sawa na kushusha uzito wa tani tatu na nusu juu ya ncha za meno machache.

Makadirio ya kompyuta yasingetosha peke yake. Yanaaminika kwa sababu mifupa ya mawindo inayaunga mkono. Nyonga ya Triceratops, mla majani mwenye pembe tatu, imepatikana ikiwa na makumi ya alama za meno ya Tyrannosaurus, baadhi zikiwa mashimo marefu yaliyopenya mfupani. Na mwaka 1998 ilichapishwa taarifa ya kinyesi kilichogeuka jiwe kutoka jimbo la Saskatchewan, Kanada. Kilikuwa na urefu wa sentimita 44, na sehemu kubwa yake ilikuwa vipande vya mifupa ya dinosaria mchanga mla majani. Mnyama huyo alivunja mifupa, akaimeza, na tumbo lake halikuwahi kuiyeyusha yote.

Wengine hawakula hivyo. Giganotosaurus na Carcharodontosaurus walikuwa na meno membamba yaliyochongoka kama ya papa, yaliyofaa kukata nyama na kusababisha mnyama kuvuja damu. Fuvu la Allosaurus nalo limepimwa kwa njia ya kompyuta, na matokeo yake yanashangaza: misuli ya taya ilikuwa dhaifu kwa mnyama wa ukubwa wake, ilhali fuvu lenyewe liliweza kuhimili misukosuko mikubwa. Hivyo baadhi ya watafiti wanaona kwamba alipiga kwa taya ya juu kama shoka, kisha akavuta nyama kwa nguvu za shingo. Kuwa mla nyama mkubwa, basi, hakukuwa kazi ya namna moja.

Pua, macho na miguu

Ubongo haubaki katika mwamba, ila nafasi uliyokaa ndani ya fuvu hubaki, nayo huweza kupigwa picha kwa mitambo ya hospitali. Picha hizo zinaonyesha kwamba sehemu ya ubongo ishughulikiayo harufu ilikuwa kubwa sana kwa Tyrannosaurus. Utafiti wa mwaka 2008 uliolinganisha theropoda wengi ulimweka yeye katika nafasi ya juu.

Macho yake pia yalikuwa bora. Uso wake ulikuwa mwembamba mbele na mpana nyuma, hivyo macho yote mawili yaliweza kutazama mbele kwa pamoja. Mwaka 2006 ilikadiriwa kwamba eneo aliloliona kwa macho mawili kwa wakati mmoja lilikuwa na upana wa nyuzi zipatazo 55, zaidi ya mwewe. Eneo hilo ndilo humwezesha mnyama kupima umbali wa kitu kilicho mbele yake. Dhana maarufu ya filamu, kwamba ukisimama tuli mbele yake hatakuona, haina msingi.

Kuhusu mwendo, watu wengi watavunjika moyo. Mwaka 2002 watafiti wawili walikokotoa kiasi cha misuli ambacho mnyama huyo angehitaji ili akimbie kwa kasi ya gari. Walipata kwamba ingebidi misuli ya miguu ichukue sehemu kubwa mno ya uzito wa mwili wote, jambo lisilowezekana. Makadirio ya baadaye yanatofautiana, lakini mengi yanamweka kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa. Hata hivyo mwindaji hahitaji kuwa mwepesi kuliko wanyama wote. Anahitaji kumshinda yule anayemfukuza, na wala majani wa tani kadhaa nao hawakuwa swala. Zaidi ya hayo, utafiti wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba jamii ya tiranosauri iliweza kugeuza mwili upesi kuliko theropoda wengine wa uzito uleule, kwa kuwa miili yao ilikuwa mifupi zaidi na misuli ya nyonga zao mikubwa.

Mabishano ya miaka mingi

Katika miaka ya 1990, Jack Horner, mtaalamu wa visukuku wa Montana, alitoa hoja kwamba Tyrannosaurus hakuwa mwindaji bali mla mizoga. Alitaja mikono yake mifupi isiyoweza kushika windo, pua yake kali iliyofaa kunusa mzoga ulio mbali, na miguu yake isiyokuwa ya mbio. Hoja hiyo ilienea kwa kasi katika magazeti na televisheni, na hadi leo wapo wanaoirudia.

Mikono hiyo kwa kweli ni mifupi: takriban mita moja, ikiwa na vidole viwili tu. Lakini tai hukamata bila mikono, na papa vilevile. Mnyama mwenye taya za namna ile alibeba silaha yake kichwani. Pua kali nayo ina kazi mbili, kwa maana harufu huongoza kwa mzoga na huongoza pia kwa kilicho hai.

Mfano ulio karibu nasi ni wa fisi. Kwa muda mrefu fisi alidharauliwa kuwa mwizi anayengoja makombo ya simba. Katika miaka ya 1960, mtaalamu Hans Kruuk aliwafuatilia fisi usiku katika Ngorongoro na Serengeti, akaonyesha kwamba wanaua wenyewe sehemu kubwa ya chakula chao, na kwamba mara nyingi huko Ngorongoro simba ndiye aliyewapora. Asubuhi mtalii humkuta simba juu ya windo na fisi pembeni, akahitimisha kinyume cha yaliyotokea.

Hakuna mla nyama mkubwa wa nchi kavu leo anayekataa mzoga, na wachache mno hutegemea mizoga peke yake. Yumkini Tyrannosaurus alikuwa hivyohivyo. Nyonga ya Triceratops yenye makumi ya alama inatuonyesha akila. Haituambii nani aliua. Pingili za mkia zilizopona jeraha zinatuonyesha akishambulia. Mashahidi hao wawili hawapingani. Na kati ya wataalamu wa leo, swali la kama aliwinda au la halibishaniwi tena kwa uzito.

Utoto, ujana na kifo

Mfupa wa dinosaria ukikatwa na kuchunguzwa kwa hadubini huonyesha pete, mfano wa zile za shina la mti. Kwa kuzihesabu pete hizo, utafiti wa mwaka 2004 ulikadiria kwamba Tyrannosaurus alikua polepole katika miaka ya kwanza, kisha akiwa kijana akaongezeka kwa takriban kilo mbili kila siku kwa miaka kadhaa, na ukuaji ukapungua sana alipokaribia miaka 20. Mnyama maarufu aitwaye Sue, ambaye takriban asilimia 90 ya mifupa yake imepatikana, alikadiriwa kufa akiwa na umri wa miaka 28. Mifupa yake ina mbavu zilizovunjika na kuunga, na mguu uliowahi kuoza kwa maradhi. Maisha ya mfalme huyu hayakuwa ya starehe, wala hayakuwa marefu.

Mwanzo wake ulikuwa mdogo ajabu. Mwaka 2021 zilitangazwa sehemu za taya na ukucha za tiranosauri waliokuwa bado ndani ya yai au walioanguliwa karibuni, ambao urefu wao haukufika mita moja. Kati ya kitoto cha namna hiyo na mzazi wa tani nane ipo tofauti kubwa mno, na tofauti hiyo ilionekana katika chakula. Mwaka 2023 watafiti wa Kanada walieleza kisukuku cha Gorgosaurus, jamaa wa Tyrannosaurus, aliyekufa akiwa na umri wa kati ya miaka mitano na saba. Tumboni mwake ilibakia miguu ya dinosaria wawili wadogo waliofanana na ndege. Kijana huyo mwembamba mwenye miguu mirefu alikamata vidogo vyenye mbio. Wakubwa wa jamii yake waliwaendea wanyama wazito. Kwa njia hiyo, wazee na vijana wa aina moja hawakugombea sahani moja.

Hapa, hata hivyo, inafaa msomaji ajue jinsi maarifa haya yanavyoweza kutikisika. Kwa miongo mingi, mifupa ya tiranosauri wadogo wembamba kutoka Hell Creek ilizua ugomvi. Baadhi walisema ni aina tofauti, iliyopewa jina la Nanotyrannus mwaka 1988. Wengi walisema ni Tyrannosaurus ambao hawajakua. Oktoba 2025, Lindsay Zanno na James Napoli walichapisha uchunguzi wa kiunzi kilicho katika jumba la makumbusho la jimbo la North Carolina. Walihitimisha kwamba mnyama huyo alikuwa amekomaa, kwa hiyo Nanotyrannus ni aina kamili inayojitegemea. Matokeo hayo yanalazimu kupitia upya baadhi ya yale yaliyoandikwa kuhusu ujana wa Tyrannosaurus, maana mifupa iliyodhaniwa kuwa ya vijana wake huenda ilikuwa ya mwingine.

Jinsia pia imeacha alama yake. Mwaka 2005 Mary Schweitzer na wenzake walieleza mfupa wa paja la Tyrannosaurus wenye tabaka la pekee ambalo kwa ndege wa leo hutokea kwa jike aliye katika majira ya kutaga, likiwa akiba ya chokaa ya kutengenezea maganda ya mayai.

Peke yao au kwa makundi?

Filamu hupenda makundi ya wawindaji wenye hila. Ushahidi wake upo, ila ni wa kusomwa kwa tahadhari. Huko Alberta, Kanada, kuna mahali ambapo Barnum Brown aliyapata mwaka 1910 mabaki ya Albertosaurus wengi. Uchimbaji uliorudiwa na Philip Currie tangu mwishoni mwa miaka ya 1990 umeonyesha kwamba walikuwa zaidi ya kumi, wakubwa kwa wadogo. Nchini Argentina, wanyama wa aina ya Mapusaurus wasiopungua saba walipatikana mahali pamoja.

Je, waliishi pamoja, au walikufa pamoja tu? Ukame huwakusanya maadui kwenye dimbwi moja, na mafuriko huibeba mizoga ya mbali na kuirundika. Huenda walivumiliana, huenda waliwinda pamoja. Mifupa inaruhusu dhana hiyo, lakini haitulazimishi kuikubali.

Ugomvi wao una ushahidi ulio wazi zaidi. Mafuvu mengi ya tiranosauri yana makovu ya meno ya wenzao usoni, yaliyopona, kama ya wanyama wanaopimana nguvu. Na walikuwa tayari kulana. Nchini Madagaska, mifupa ya Majungasaurus imekutwa na alama za meno ambazo ni za aina hiyohiyo, kama ilivyotangazwa mwaka 2003. Alama za namna hiyo zimeelezwa pia kwa Tyrannosaurus mwaka 2010.

Magamba au manyoya?

Mwaka 2012 China ilitangaza Yutyrannus, tiranosauri wa kale mwenye urefu wa mita tisa hivi, ambaye kisukuku chake kilihifadhi nyuzinyuzi za manyoya zilizofika sentimita 15 na zaidi. Basi wachoraji wengi wakamvika Tyrannosaurus manyoya mwili mzima. Miaka mitano baadaye, uchunguzi wa mabaka ya ngozi ya Tyrannosaurus mwenyewe, kutoka shingoni, nyongani na mkiani, ulionyesha magamba madogomadogo. Mnyama mkubwa hupata shida ya kupoza mwili kuliko kuupasha joto. Tembo na kifaru wana nywele chache kwa sababu hiyohiyo. Kama Tyrannosaurus alikuwa na manyoya, huenda yalikuwa mgongoni tu, au kwa watoto wake.

Upande wa Afrika

Bara letu lilikuwa na majitu yake. Mwaka 1915 Mjerumani Ernst Stromer alimwelezea Spinosaurus kutokana na mifupa iliyochimbuliwa katika oasisi ya Bahariya, Misri. Mnyama huyo alikuwa na miiba ya mgongo iliyosimama kama tanga la jahazi, na meno ya mviringo yaliyofaa kukamata samaki. Mifupa hiyo ilihifadhiwa Munich, na katika usiku wa kuamkia tarehe 25 Aprili 1944 iliteketea kwa mabomu ya vita. Ilibaki michoro, maandishi na picha chache.

Kwa miaka mingi baada ya hapo, wataalamu walibishana juu ya mnyama ambaye mifupa yake muhimu haikuwapo tena kwa mtu kuigusa. Mabaki mapya kutoka Moroko, yaliyoelezwa mwaka 2014 na mwaka 2020, yameonyesha miguu mifupi ya nyuma na mkia mpana kama kafi. Wapo wanaosema aliogelea na kuwinda chini ya maji. Wapo wanaoona alisimama katika maji ya kina kifupi kama korongo na kudaka samaki. Mjadala huo haujafungwa, na ungekuwa mwepesi zaidi kama kisukuku cha kwanza kingekuwapo.

Kusini mwa Tanzania, hadithi ni nyingine. Kilima cha Tendaguru, kaskazini-magharibi mwa mji wa Lindi, kilichimbuliwa na msafara wa Kijerumani kati ya mwaka 1909 na 1913, enzi za ukoloni. Mamia ya wafanyakazi wa Kiafrika walichimba, miongoni mwao msimamizi Boheti bin Amrani, na wapagazi wakabeba shehena kwa miguu siku kadhaa hadi bandarini. Zaidi ya tani 200 za visukuku zilipelekwa Berlin. Wengi wanalijua jitu mla majani la Tendaguru, Giraffatitan, lenye kimo cha zaidi ya mita 13 katika jumba la makumbusho la mji huo. Wachache wanajua kwamba palikuwa na walao nyama wakubwa pia.

Hao wamebaki zaidi kwa meno na vipande. Elaphrosaurus, theropoda mwembamba wa urefu wa mita sita hivi, hana fuvu lililopatikana, na uchunguzi wa mwaka 2016 ulitilia shaka hata kama alikuwa mla nyama halisi. Lakini katika akiba ya Berlin zilikuwamo pingili chache za mkia zilizokaa takriban miaka mia moja bila jina. Mwaka 2011 mtaalamu Oliver Rauhut alizitambua kuwa za ukoo wa Carcharodontosaurus, tena miongoni mwa wa kale kabisa wanaojulikana duniani, akampa mnyama huyo jina la Veterupristisaurus. Pingili zile hazikubadilika kwa karne nzima. Kilichobadilika ni elimu ya aliyezitazama, na aliweza kuzitazama kwa kuwa zilikuwapo na milango ilikuwa wazi.

Mifupa ni ya nani?

Swali hilo ndilo linalowasumbua wataalamu leo. Nchini Marekani, kisukuku kinachotoka katika ardhi ya mtu binafsi ni mali ya mwenye ardhi, naye anaweza kukiuza. Sue aliuzwa kwa mnada mwaka 1997 kwa zaidi ya dola milioni 8, akanunuliwa na jumba la makumbusho la Field la Chicago, ambako watafiti wanamfikia. Oktoba 2020, Tyrannosaurus mwingine, Stan, aliuzwa kwa dola milioni 31.8. Kwa muda wa mwaka mmoja na zaidi haikujulikana hadharani amekwenda wapi, hadi ilipotangazwa mwaka 2022 kwamba atawekwa katika jumba la makumbusho ya historia asilia la Abu Dhabi.

Si wote waliopata bahati hiyo. Kwa mujibu wa hesabu iliyochapishwa mwaka 2025 na mtaalamu Thomas Carr, mabaki 71 ya Tyrannosaurus yamo mikononi mwa watu binafsi na makampuni, ilhali yale yaliyo katika taasisi za umma ni 61. Baadhi ya yale ya binafsi ni ya wanyama wachanga, na hao ndio wanaohitajika zaidi ili kumaliza maswali ya ukuaji yaliyotajwa hapo juu. Majarida mengi ya kisayansi hukataa kuchapisha utafiti wa mifupa ambayo mtafiti mwingine hawezi kurudi na kuikagua, kwani dai lisiloweza kukaguliwa halitofautiani sana na uvumi.

Kwa Afrika swali hilo lina upande wa pili. Suala la kurejeshwa kwa visukuku vya Tendaguru limejadiliwa zaidi ya mara moja nchini Tanzania, na mtoto wa Lindi anayetaka kuona kilichochimbuliwa karibu na kwao bado inambidi asafiri hadi Berlin. Kuhifadhiwa kwa umma ni jambo moja. Kuhifadhiwa mahali ambapo umma wa eneo husika unaweza kufika ni jambo jingine.

Jino lile lililokwama mkiani mwa mla majani wa South Dakota lilikuwa dogo kiasi cha kutoshea kiganjani. Lingeweza kung'olewa likauzwa peke yake kama pambo la mezani, na pingili zilizopona zikatupwa. Halafu tungebaki na jino zuri, na tusingejua kamwe kwamba mwenye jino alikuwa akiwinda.